Shaka Lina Chanzo, Litafute Kabla ya Kulijibu

Mkristo akisema mbele ya wenzake kwamba hana uhakika tena kama Mungu anamsikia, kwa kawaida hujibiwa kwa njia mbili. Ataambiwa aongeze maombi, au atapewa hoja. Yote mawili yanaweza kumfaa na yote mawili yanaweza kumwumiza, kwa sababu anayejibu bado hajauliza shaka hilo limetoka wapi. Mama aliyezika mtoto, akipewa hoja za kuthibitisha kwamba Mungu yupo, ataondoka na kidonda kikubwa kuliko alichokuja nacho. Kijana aliyeuliza kwa nini sehemu ya mwisho ya Injili ya Marko imewekwa mabano katika baadhi ya Biblia, akaambiwa afunge siku tatu, atamaliza mfungo na swali lake likiwa palepale. Tena atakuwa amejifunza na jambo jingine ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha, kwamba kanisani hakuulizwi.

Imani nyingi huvunjikia hapo, kwenye jibu lisilolingana na swali, wakati shaka lenyewe lingeweza kushughulikiwa.

Kwanza tuondoe hofu ya kwamba shaka ni usaliti. Katika Mathayo 28:17, wanafunzi kumi na mmoja wako mlimani Galilaya, Yesu aliyefufuka amesimama mbele yao, na Mathayo anaandika bila kuficha: "walimsujudia; lakini baadhi yao waliona shaka." Yesu hawatengi wenye shaka pembeni. Anawapa wote agizo lile lile la kwenda kwa mataifa. Yohana Mbatizaji, akiwa gerezani, alituma watu kuuliza kama Yesu ndiye yule ajaye au wamtazamie mwingine. Aliyeuliza ndiye huyo huyo aliyembatiza. Yesu alimrudishia ushahidi: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, viziwi wanasikia. Wajumbe walipoondoka, akamsifu Yohana mbele ya makutano kuliko alivyomsifu mtu mwingine yeyote.

Tomaso amebebeshwa lawama kwa karne nyingi kwa jambo ambalo wenzake walilipata bila kuliomba. Soma Yohana 20:20: jioni ile ya kwanza, Yesu aliwaonyesha wale wengine mikono yake na ubavu wake, ndipo wakafurahi. Tomaso hakuwapo. Alipodai kuona alama za misumari, alikuwa anadai kile kile ambacho wenzake walikuwa wamekwisha kuonyeshwa. Na tukumbuke huyu ndiye aliyesema katika sura ya 11, "Twendeni na sisi, ili tufe pamoja naye," kwa hiyo hakukosa moyo wala upendo. Lililo muhimu zaidi kwangu ni mstari wa 26: baada ya siku nane walikuwamo ndani tena, na Tomaso pamoja nao. Wiki nzima mtu mmoja haamini jambo ambalo wenzake kumi wanalishuhudia, na bado anakula nao, anakaa nao, hawamfukuzi, naye haondoki. Ungamo kubwa kuliko yote katika Injili ile, "Bwana wangu na Mungu wangu," limetoka katika kinywa cha mtu aliyeruhusiwa kubaki chumbani.

Najua wengi watanisomea Yakobo 1:6, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Uanze mstari wa 5, unaosema Mungu huwapa hekima wote waombao, kwa ukarimu, wala hakemei. Kisha ufike mstari wa 8, unaomtaja mtu wa nia mbili. Yakobo anamwonya anayeomba mwongozo huku amejiwekea njia yake nyingine pembeni. Aliyeketi usiku anatafuta ukweli kwa machozi ni mtu mwingine, na kwake lipo agizo la wazi katika Waraka wa Yuda, mstari wa 22: wahurumieni walio na shaka.

Maswali matatu ya kuanzia

Ukiwa na shaka, au mtu akikuletea lake, yapo maswali matatu ya kuuliza kabla ya kufungua kitabu chochote. Lilianza lini, na wakati huo maishani kulikuwa na nini? Linakuja saa gani na mahali gani, na linaondoka lini? Na la tatu, ambalo huzaa matunda kuliko mengine: ukipata jibu la kuridhisha kabisa leo jioni, nini kitabadilika kesho asubuhi?

Mtu akisema, "Nikipata jibu hilo nitalala usingizi, nitarudi kwenye maombi," basi tatizo lake lina uwezekano mkubwa wa kuwa la akili, na hoja zitamfaa. Akinyamaza, halafu akasema, "Sidhani kama kuna kitakachobadilika," umejua kwamba swali aliloleta si lile linalomsumbua. Watu wengi huja na swali la Safina ya Nuhu kwa sababu ni rahisi kulitamka kuliko kusema kwamba mchungaji aliyewalea amewadanganya.

Shaka la akili

Hili ndilo linaloogopwa sana, na ndilo lenye njia iliyonyooka zaidi. Hatua ya kwanza ni kuandika swali kwa sentensi moja. "Biblia inajipinga" haliwezi kujibiwa na mtu yeyote. "Mathayo 27:5 inasema Yuda alijinyonga, na Matendo 1:18 inasema alianguka akapasuka matumbo, zinapatanaje?" ni swali lenye mlango wa kuingilia. Chini ya sentensi hiyo andika tarehe, vifungu vinavyohusika, na jambo ambalo lingeanguka kama jibu lingekuwa baya. Fanya swali moja kwa wakati. Usianze la pili kabla hujafika mahali fulani na la kwanza, hata kama mahali penyewe ni "nimesoma pande zote mbili, bado sijui, na hivi ndivyo ninavyojua mpaka sasa."

Sababu ya kusisitiza moja kwa wakati ni hii. Kuuliza ni kazi ya sekunde, kujibu ni kazi ya jioni nzima. Video ya dakika kumi inaweza kurusha hoja ishirini dhidi ya Ukristo, na mtazamaji akahisi jengo zima limeanguka, kumbe hakuna hata hoja moja iliyopimwa. Wingi wa maswali huzaa hisia ya kushindwa. Jambo hili ni kweli upande wa pili pia: mhubiri anayerusha "uthibitisho" ishirini kwa dakika kumi anafanya kosa lile lile. Kuitazama mijadala hiyo kitandani saa sita za usiku, mwili umechoka na hakuna wa kuzungumza naye, ni kujitafutia hofu badala ya jibu.

Tuchukue lile swali la mwisho wa Marko, tulifanyie kazi hadi mwisho. Hati mbili za kale za Biblia zilizo maarufu kuliko zote, ya Sinai na ya Vatikani, zote za karne ya 4, zinaishia Marko 16:8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini wakiwa na hofu. Mistari ya 9 hadi 20 haimo. Wataalamu wengi, wakiwamo waumini wa dhati, wanakubali kwamba iliongezwa baadaye. Mtu akikutana na habari hii kwa mara ya kwanza katika video ya mpinzani, huhisi amefichwa jambo, na kwa kweli mara nyingi amefichwa. Sasa tuulize: nini kinategemea mistari hiyo? Ufufuo hautegemei hapo. Kaburi tupu na tangazo la malaika vimo katika mistari minane ya kwanza. Orodha ya waliomwona Yesu iko 1 Wakorintho 15:3-8, katika barua ambayo Paulo aliiandika katikati ya miaka ya 50 ya karne ya kwanza, kabla ya Injili ya Marko kwa hesabu ya wataalamu wengi, na anasema mwenyewe kwamba habari hiyo naye aliipokea. Kinachotegemea mistari hiyo ni kama ile ahadi ya kushika nyoka katika mstari wa 18. Yapo makanisa machache katika milima ya Appalachia, Marekani, yaliyojenga ibada juu yake, na George Went Hensley, mhubiri aliyeieneza sana desturi hiyo, alikufa kwa kuumwa na nyoka mwaka 1955. Kwa hiyo swali lililoonekana litabomoa imani limeigusa sehemu ndogo sana, na sehemu hiyo ilihitaji kuguswa.

Kazi hiyo inafundisha kitu kikubwa kuliko jibu lenyewe: mafundisho hayana uzito sawa. Paulo anasema bila kupepesa macho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Lakini kuhusu vyakula na siku anaandika katika Warumi 14:5, "Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Kuna kiini, ambacho Wakristo wa karne ya 4 walikifupisha katika Imani ya Nikea. Kuna mafundisho yanayotofautisha dhehebu na dhehebu. Halafu kuna maoni: umri wa dunia, mpangilio wa siku za mwisho, mtindo wa kuabudu. Mtoto akilelewa akiambiwa kwamba vyote hivi ni kitu kimoja, siku moja likianguka la pembeni atadhani ni wajibu wake kuangusha na kiini. Huko Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller walimngoja Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Kulipokucha tarehe 23, wapo walioacha hesabu za Miller wakabaki na Kristo, na wapo walioacha vyote viwili, kwa kuwa walikuwa wamevifunga pamoja.

Kanisa lenyewe lina utaratibu wa zamani wa kuhoji, na inasikitisha kwamba waumini wengi hawauonyeshwi. Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliandika kazi yake kubwa ya teolojia kwa kuanza kila kipengele na pingamizi. Anapofika kwenye swali kama Mungu yupo, sentensi yake ya kwanza inasema kwamba inaonekana Mungu hayupo. Kisha anaweka sababu mbili nzito: uovu uliopo duniani, na kwamba mambo ya dunia yanaweza kuelezwa kwa asili na kwa akili ya mwanadamu bila kumhitaji Mungu. Baada ya hapo ndipo anatoa jibu lake, halafu anarudi kwenye kila pingamizi na kulijibu kwa zamu. Iga utaratibu huo katika daftari lako. Andika pingamizi kwa nguvu zake zote, kwa namna ambayo mwenye nalo angekubali kwamba umemtendea haki. Usipoweza kuliandika hivyo, bado hujalielewa, na jibu utakaloandika litakuwa linampiga mtu ambaye hayupo. Upande wa Waprotestanti nao, Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563 inafundisha imani yote kwa maswali 129.

Pale anayetiliwa shaka si Mungu

Sehemu kubwa ya mashaka huzaliwa na ahadi ambazo Mungu hakuzitoa. Mtu ameambiwa apande mbegu ya fedha atavuna mara mia kabla mwaka haujaisha. Ameambiwa akiwa na imani ya kutosha mgonjwa wake atapona. Mwaka umekwisha, mgonjwa amekufa, na sasa anaona ana njia mbili tu: Mungu ni mwongo, au yeye mwenyewe hakuamini vya kutosha. Ya pili ndiyo katili zaidi, maana inamwongezea mfiwa hatia ya kumwua ndugu yake.

Kazi hapa ni kuirudisha ahadi ilikotoka na kuuliza, iliandikwa wapi? Katika 2 Timotheo 4:20 Paulo anaandika kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Huyu ni Paulo ambaye kwa mikono yake wengi waliponywa, na hakuna neno hata moja la kumlaumu Trofimo kwa imani haba. Timotheo alikuwa na magonjwa ya mara kwa mara, akashauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba, na haukuondolewa. Alichoahidi Yesu katika Yohana 16:33 ni kwamba ulimwenguni mnayo dhiki. Anayeshindwa kuamini injili ya mafanikio hajaanza kupoteza imani. Huenda ndio kwanza ameanza kuipata, na aambiwe hivyo waziwazi.

Wa karibu na huyu ni aliyejeruhiwa na kanisa: aliyeporwa, aliyedhalilishwa, aliyeona wazee wakimlinda mkosaji. Kumwambia "usimwangalie mwanadamu, mwangalie Mungu" ni kumfunga mdomo. Huyo anahitaji haki kwanza. Lililotendwa litajwe, lichunguzwe, na kama ni kosa la jinai lipelekwe polisi. Hoja za kuwapo kwa Mungu zisubiri.

Huzuni, mwili na ukavu

Aliyefiwa apewe maombolezo. Rafiki za Ayubu walifanya vyema siku saba za mwanzo walipoketi naye chini kimya. Waliharibu walipofungua midomo, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, waliomtetea, akasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Zaburi ya 13 inafaa kuanzia, kwa sababu ni fupi na mpangilio wake unaonekana: mistari miwili ya kwanza ni malalamiko, "hata lini" ikirudiwa mara nne, miwili inayofuata ni ombi, miwili ya mwisho ni tumaini. Mtu anaweza kuandika yake kwa umbo hilo. Asipoweza kufika kwenye tumaini, asilazimishwe. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina mstari wa faraja mwishoni, na bado imo katika Biblia ili isomwe ibadani.

Kuna shaka linalotoka mwilini. Mtu asiyelala, asiyekula vizuri, aliyepoteza ladha ya kila kitu, si ya sala tu bali hata ya muziki, marafiki na kazi, kwa majuma mawili au zaidi, huenda ana sonona. Aende kwa daktari. Kuna pia dhamiri yenye wasiwasi uliopita kiasi. Huyu huuliza, "Je, nimemkufuru Roho Mtakatifu?" Unamjibu, anatulia kwa saa moja, kisha anauliza tena swali lile lile kwa maneno mengine, na tena, na tena. Anaweza kuungama dhambi ile ile mara nyingi kwa wiki. Kadiri anavyohakikishiwa ndivyo kiu ya kuhakikishiwa inavyokua. Hali hii inajulikana kitabibu na ina matibabu, na mojawapo ya hatua zake ni mgonjwa kujifunza, akisaidiwa na mtaalamu, kuliacha wazo lipite bila kulijibu. Mchungaji anayemjibu kila siku kwa upole anadhani anasaidia, kumbe anaulisha ugonjwa. Ajibu mara moja, kwa ukamilifu, kisha wakubaliane kwamba swali hilo halitajibiwa tena.

Ukavu wa sala ni jambo jingine kabisa. Yohana wa Msalaba, Mkarmeli wa Uhispania aliyefariki mwaka 1591, aliacha alama tatu za kuutambua, na sijaona zilizo bora zaidi. Mtu haoni utamu katika mambo ya Mungu, wala haoni utamu katika vitu vya dunia. Pili, anaumia moyoni akidhani anarudi nyuma na hamtumikii Mungu. Tatu, hawezi tena kutafakari kwa kutumia fikra na picha kama alivyozoea. Alama ya pili ndiyo inayotofautisha ukavu na uvuguvugu: aliyepoa hasikitiki kwamba amepoa. Mwenye alama hizo abaki na sala fupi, kwa saa ile ile ya kila siku, asijilazimishe kuhisi. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba aliishi katika giza la namna hiyo kwa miongo mingi huku akiendelea na kazi yake.

Limebaki shaka linalotokana na mwenendo, pale mtu anapotamani imani iwe uongo kwa sababu inamzuia jambo fulani. Lipo. Lakini hilo ni swali la mtu kujiuliza mwenyewe mbele za Mungu. Watu wa nje wakilitumia kama tuhuma hukosea mara nyingi kuliko wanavyopatia, na anayetuhumiwa bila haki harudi kuuliza tena.

Kwa anayesikiliza

Mazungumzo ya kwanza yasiwe na majibu. Rudia swali la mwenzako kwa maneno yako mpaka akubali, "Ndiyo, hilo ndilo." Usilipeleke kwenye kikundi cha maombi, hata bila kutaja jina, maana watu watamjua. Usimwekee mikono kukemea "pepo wa mashaka". Utakuwa umemwambia kwamba akili aliyopewa na Mungu ni ya shetani. Kama hujui, sema hujui, taja siku utakayokuwa umesoma, na siku hiyo uje hata kama umepata nusu tu ya jibu.

Katika darasa la kipaimara au la ubatizo, waache vijana waandike maswali kwenye karatasi bila majina, kisha yasomwe kwa sauti kama yalivyoandikwa. Mwalimu akilainisha swali moja tu, wiki inayofuata sanduku litakuwa na maswali ya adabu yasiyo na maana.

Mwenye shaka linalogusa kiini, naye ni mwalimu au mhubiri, ni vizuri apumzike kutoka huduma ya madhabahuni kwa kipindi kinachojulikana mwanzo na mwisho, kwa sababu kulazimika kutangaza kila Jumapili asichokiamini kutamgeuza mnafiki na kuharakisha anguko. Usharika uambiwe tu kwamba amepumzika. Kiti chake katika ushirika, zamu yake ya kutembelea wagonjwa na nafasi yake mezani nyumbani kwenu visiguswe.